Vipimo vya Miaka Kumi na Mmoja

Jumatatu, 2 Juni

Nimekata magauni kumi na manne leo. Yote ya makambi ya kanisa ya Agosti, kitambaa cha zambarau, kola nyeupe. Kina mama wa kanisa wameamua zambarau mwaka huu. Zambarau haimpendezi mtu yeyote ninayemjua, lakini nani ataniuliza? Mimi ni fundi tu.

La kwangu nilikata mwisho. Vipimo nimevitoa pale ninapovitoa kila mwaka, ukurasa wa kwanza wa daftari. Mama Shantel akashona. Nimelijaribu saa kumi nyuma ya pazia. Linavuta kushoto. Kifungo cha tatu kimepinda na mshono wa kwapa unanikata.

Nimelifumua. Mama Shantel alikuwa anapiga pasi huku anaimba. Tuko pamoja katika hiki kibanda miaka sita, yeye kushona, mimi kukata. Hajawahi kukosea mshono wa kwapa. Kwa hiyo hajakosea. Amefanya makusudi.

Jumanne, 3 Juni

Nimelishona upya mwenyewe. Mkono wangu, uzi wangu. Bado linavuta kushoto.

Labda ni kitambaa.

Jumatano, 4 Juni

Si kitambaa. Gauni la Mama Pasta ni la jora lile lile na limemkaa vizuri, na ule mwili si wa kukaliwa vizuri na kitu.

Mama Shantel ananiangalia. Leo ameniita binti wa Karungu, kwa Kijaluo: "Nyar Karungu, kuja nikupime. Fundi hajipimi." Ni sheria ya kila kibanda hapa Migori. Ukiinua mkono kujizungushia tepu, kifua kinapanda nao na namba inadanganya. Lazima fundi mwenzako akupime. Mimi sijapimwa na mtu miaka kumi na mmoja. Nilijipima mara moja mbele ya kioo, nikaandika, na tangu hapo nanakili tu.

Nimemwambia sina haja, mwili wangu naujua. Akacheka. Kile kicheko sikukipenda.

Ijumaa, 6 Juni

Nimejipima. Nyumbani, mlango umefungwa, binti yangu Boke yuko shule.

Kulia ni namba ya zamani. Kushoto, kutoka katikati ya kifua hadi kwapani, imezidi inchi moja na nusu. Titi limepanda. Ni gumu. Nikilibonyeza halibonyei.

Nimepima mara tano. Tepu nimeibadilisha.

Niandike wazi, hapa hakuna wa kunisoma. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilitiwa mifuko miwili ya silikoni kifuani, Nairobi, kliniki moja ya ghorofa ya tatu yenye maua ya plastiki. Niliaga watu kwamba naenda kozi ya magauni ya harusi. Nililipa kwa pesa ya kandarasi ya sare za shule, yote. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na kifua cha ubao. Nilichoka kuwakatia wanawake wengine mikunjo ya kifuani ambayo mimi mwenyewe sikuihitaji. Daktari aliniambia nitazeeka nayo. Maneno yake ndiyo hayo.

Sijazeeka. Nina thelathini na minane.

Mume wangu, Marwa, nilimpata miaka miwili baadaye. Mkuria wa Isebania, anasaga mawe ya dhahabu kule Masara, nyumbani ni Ijumaa hadi Jumapili. Aliuliza mara moja kuhusu alama zilizo chini ya matiti. Nilisema nilitolewa uvimbe. Hakuuliza tena. Mtu asiyeuliza tena ama anajua ama hajali, na miaka tisa sasa sijui yeye ni yupi.

Jumamosi, 7 Juni

Kanisani. Mama Pasta amenikumbatia kwa ubavu. Kwa nini kwa ubavu? Huwa anamkamua mtu mpaka pumzi.

Nimekaa benchi la nyuma nikiwa na leso mabegani. Kulikuwa na joto la kuchemsha maji.

Mama amepiga simu kutoka Karungu na swali lake la siku zote. "Umeenda hospitali mwaka huu?" Tangu Boke azaliwe hilo ndilo swali. Boke ana miaka minane. Mama anataka mjukuu mwingine na hajui kulisema. Nimemwambia niko sawa, nina kazi nyingi, salamu kwa wote.

Jumanne, 10 Juni

Nimepiga namba ya ile kliniki. Amepokea mwanaume anayeuza matairi. Ana namba hiyo mwaka wa nne. Akasema kwa upole mimi si wa kwanza kumuuliza habari za daktari.

Si wa kwanza. Tuko wangapi?

Jumapili, 15 Juni

Marwa alikuja Ijumaa. Aliniona nikivaa blauzi kwa mkono mmoja. Alingoja Boke atoke nje, ndipo akauliza: "Mama Boke, ule uvimbe umerudi?"

Uwongo wangu wa miaka tisa. Ameutunza bila kuukunja. Nilisema sijui.

Ameosha vyombo. Mkuria wa Isebania ameosha sufuria ya ugali kwa mikono yake, akaniuliza kama nataka chai. Nimekunywa ile chai nikimwangalia. Wanaume hawawi wema hivi bure. Ama kuna mwanamke Masara na dhamiri inamsumbua, ama ameshaniona maiti na anajizoeza kuishi bila mimi.

Leo kabla ya kuondoka amempigia mama yake. Mama mkwe ataanza kufunga Jumatano, aniombee. Anamwomba Mungu aondoe uvimbe niliouzua mwenyewe. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alhamisi, 19 Juni

Homa Bay. Hapa Migori nusu ya wahudumu wa hospitali ni wateja wangu, na nusu nyingine wanashonewa na adui zangu. Nikaona bora kwenda mbali.

Msichana wa skani alinipaka ile dawa baridi akaanza kunichangamkia, ninatoka wapi, mvua imenyesha kwetu? Kisha akasogea karibu na skrini. Akarudisha kile kifaa pale pale mara tatu. Akatoka kumwita daktari. Nilibaki nimelala nikihesabu vigae vya dari.

Daktari ni mwanamke wa rika langu. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Mfuko wa kushoto umepasuka ndani. Pengine zamani. Silikoni imetoka, nyingine imefika kwapani, na ndiyo ile tezi iliyovimba huko, niliyodhani ni jipu la wembe wa kunyolea. Mwili umejenga ganda gumu kuzunguka mfuko, ndiyo maana titi limepanda. Kuna maji pia. Ameyavuta kwa sindano, yatapimwa. Majibu si ya kesho.

"Hii mifuko haikai maisha," akasema. "Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Au sikusikia. Nilikuwa nimeshasikia nilichotaka.

Kisha akauliza kadi. Kila aliyewekewa hupewa kadi yenye jina lake, aina ya mfuko na namba yake. Kuna aina zilizoondolewa sokoni kwa sababu ya ugonjwa zinaouleta baada ya miaka mingi. Bila kadi hajui anatafuta nini, na daktari atakayenipasua hatajua anatoa nini. "Ilete haraka," akasema.

Nilikaa karibu na ziwa hadi saa tisa. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa wa omena. Nikajikuta napima vifua vyao kwa macho, mmoja baada ya mwingine, ubao, ubao, malenge, ubao. Hakuna hata mmoja aliyeonekana kufikiria kifua chake. Niliwachukia wote.

Ijumaa, 20 Juni

Kadi niliificha kwenye kopo la vifungo. Lile kopo la biskuti, chini kabisa, nyuma ya karatasi niliyoibandika mwenyewe. Miaka yote hii sikuigusa. Nilijua ipo.

Haipo.

Nimemwaga vifungo vyote mezani. Nimebandua karatasi. Kutu tu.

Mkono unaoingia katika kopo hilo kila siku ni mmoja, wa Mama Shantel. Nikakumbuka kicheko. Nikakumbuka kuja nikupime. Anajua! Ameisoma, anasubiri siku ya makambi, kina mama wote wamekaa na zambarau zao, aitoe.

Nimemwambia arudishe kadi yangu. Mbele ya wateja wawili. Nimemwita mwizi.

Aliweka mkasi chini. "Kadi gani, Mama Boke? Sema ni kadi ya nini."

Wateja walikuwa wananitazama. Nikarudia tu, kadi yangu, kadi yangu, sauti ikipanda. Akachomoa pasi, akaizungushia waya, akaondoka nayo ikiwa bado ya moto. Pasi ni yake.

Jumatatu, 23 Juni

Peke yangu kibandani. Magauni tisa bado. Nikipiga pedali, kwapa linauma. Nguo nazirudisha zikiwa na makunyanzi na watu wanauliza pasi iko wapi.

Kama ni mwizi, mbona aliuliza ni kadi ya nini? Mwizi angejua. Au ndio ujanja wenyewe.

Halafu nikamwaza Marwa. Ana mikono pia. Nyumbani nimepekua koti lake la kazi aliloliacha jana. Mfuko wa ndani nimepata karatasi imekunjwa mara nne. Si kadi. Ni karatasi ya zahanati kuhusu saratani ya matiti, ile wanayogawa bure. Imechakaa kwenye mikunjo na ina vumbi la mawe ya Masara. Ameisoma mara nyingi.

Nimeirudisha ilivyokuwa. Nimekaa kitandani na lile koti magotini.

Alhamisi, 26 Juni

Mama amepiga. Swali lile lile, umeenda hospitali? Nilitaka kusema niko sawa, nikaishia katikati ya neno.

Kisha akasema nije Karungu Jumapili. Niache mtoto. Niache na maneno ya kazi nyingi.

Jumapili, 29 Juni

Naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Mama hakunikaribisha chai. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani kadi za kliniki. Zetu sisi sita, za chanjo na za kupimwa uzito, kingo zimeliwa na mende. Mama hajawahi kutupa kadi ya kliniki. Aliwahi kusumbuliwa cheti cha kuzaliwa cha kaka yangu kwa sababu ya kadi moja, akaapa. Kila karatasi yenye jina la mtoto wake na muhuri wa daktari anaihifadhi.

Akazipanga juu ya mkeka. Yangu ya chanjo, Milka Atieno. Na juu yake nyingine, ngumu, nyeupe, Milka Atieno.

Alikuja kunilea nilipojifungua Boke. Kopo la vifungo nilikuwa nimelileta nyumbani nishone vinguo vya mtoto. Siku moja likadondoka, karatasi ikabanduka. Yeye kusoma Kiingereza hajui. Aliona jina langu na muhuri, akajua ni kadi ya kliniki na mimi ni mzembe. Akaichukua, akabandika karatasi upya kwa uji wa ngano. Aliporudi Karungu akampa muuguzi amsomee.

Muuguzi alisoma yote. Hata ule upande wa nyuma ambao mimi sikuwahi kuusoma, kwamba mwenye mifuko aangaliwe kila baada ya muda, kwamba iko siku itatolewa.

Boke ana miaka minane. Mama Shantel yuko nami miaka sita. Kadi ilitoka katika kopo miaka miwili kabla yeye hajatia mkono wake humo.

Nilimuuliza Mama mbona hakusema. Akasema, "Hukuniambia ulipoenda, ningekuambiaje nimejua ulikotoka?" Akaona atauliza tu kila mwaka kama nimeenda hospitali, siku moja nitajibu kweli. Hakuwa anataka mjukuu.

Kisha alisema jambo ambalo sitalisahau. Alivuta blauzi yake ikambana kifuani, kifua cha ubao, akasema: "Nyathina, mwanangu, hiki ndicho nilikuwa nacho. Nimenyonyesha sita. Uliona kimekosa nini?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza. Nilikumbuka titi la kushoto lilivyokataa kutoa maziwa kwa Boke, na Mama akinikorogea uji asubuhi na jioni, kumbe kadi iko ndani ya mfuko wake.

Nimelia. Amenipa samaki wa kubeba.

Jumanne, 1 Julai

Nimemfuata Marwa Masara. Sikutaka kungoja Ijumaa, ningeghairi.

Alizima mashine. Nimemwambia yote tumesimama, vumbi jeupe kwenye nyusi zake. Jambo la kwanza alilouliza ni kama si saratani. Nikasema bado sijui, majibu hayajatoka, lakini uvimbe wa zamani haukuwapo kamwe. Akakaa juu ya gunia. Akacheka kidogo, akajifuta macho. Ndipo hasira ikafika.

"Miaka tisa naogopa kitu hakuna?"

Akawasha mashine. Nilirudi Migori peke yangu. Ningemfanyia hivyo hivyo.

Ijumaa, 4 Julai

Daktari wa Homa Bay amepiga. Maji ni safi. Nimemfanya arudie mara mbili. Lakini nilimsomea kadi kwa simu, na aina hiyo ni katika zile zilizoondolewa sokoni. Mifuko yote miwili itoke, na ganda lake. Kisumu, mwezi huu. Ngozi haitarudi ilivyokuwa, na silikoni iliyo kwapani huenda isitoke yote. Nitakuwa wa kuangaliwa miaka yote iliyobaki.

Mifuko inatoka, lakini hospitali sitoki.

Marwa amekuja. Hazungumzi. Ila nimemsikia akimwambia mama yake kwa simu asiache kuomba, abadilishe tu maneno.

Jumapili, 6 Julai

Nimeenda kwa Mama Shantel. Alinipokea mlangoni, hakusema karibu. Nimemwambia ni kadi ya nini. Nilisema mlangoni pale pale, jirani yake akianika nguo, maana mwizi nilimwita mbele za watu.

Alinitazama kifuani. Halafu usoni.

"Kwa hivyo hiyo ndio ilikuwa inavuta gauni, na ukasema ni mimi."

Nimesema ndiyo. Nimeomba msamaha. Akasema amesikia. Akafunga mlango taratibu.

Jumatatu, 7 Julai

Hakuja.

Ijumaa, 25 Julai

Kisumu. Imetoka jana. Daktari alinionyesha kwenye bakuli kwa sababu niliomba. Wa kulia mzima, umegeuka rangi ya mafuta ya kupikia. Wa kushoto ni kitu cha kunata tu. Ule utelezi umekaa ndani yangu sijui miaka mingapi na mimi nanakili namba.

Maumivu. Mirija miwili ya kutoa maji. Marwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Ameanza kuongea tena jana, alisema nisijikune.

Jumapili, 3 Agosti

Nimejitazama. Ngozi imekunjamana, kushoto kuna shimo, kovu limezidi la zamani. Si kile kifua nilichokikimbia. Hicho nacho nimekiharibu. Nimehuzunika na sitajifanya sikuhuzunika.

Boke aliuliza kama naumwa. Nimemwambia kweli, kwa maneno ya mtoto wa miaka minane. Akauliza kama kifua chake kitakuwa kama cha nyanya yake. Nikasema huenda. Akasema sawa, akaenda kucheza.

Jumatatu, 18 Agosti

Makambi ni Jumatano. Magauni yote yameshaenda isipokuwa langu, ambalo sikulikata tena.

Saa tatu Mama Shantel ameingia na pasi. Ameichomeka, akajaribu moto kwa kidole chenye mate. Hakusalimia. Alipiga pasi kola mbili za mteja, akazitundika. Kisha akavuta pazia, akachukua tepu shingoni mwangu, akasema nishushe mikono.

Nimeishusha. Amepima polepole, akikwepa makovu. Kifua, chini ya kifua, kiuno, bega hadi bega. Alikuwa anatamka namba na kuandika mwenyewe. Ukurasa mpya, tarehe ya leo, jina langu juu.

Namba ya kifua ni ya Mama. Naijua kwa moyo, namshonea kila Krismasi.

Zambarau imebaki mita mbili na nusu. Itatosha. Nimeanza kukata.